Mwongozo kamili wa kubishana kuhusu "more better", "than me" na ndugu zao bila kuaibika

Mi nina steshenari. Nachapa CV, barua za kazi, kadi za michango na mabango ya biashara, na kwa miaka yote nilokaa hapa kaunta nimegundua watu hawagombanii bei kama wanavyogombania Kiingereza. Na ndani ya Kiingereza chenyewe hakuna sehemu inayowasha moto kama sentensi za kulinganisha, kipi kikubwa kuliko kipi, "more" iwekwe au isiwekwe, "than me" au "than I".

Juzi kati alikuja dada mmoja mwenye saluni mtaa wa pili na kikaratasi kimeandikwa MORE BETTER SERVICE, MORE CHEAPER PRICE. Nikamwambia dada, hizi "more" mbili tuzitoe. Akaniangalia juu mpaka chini. "Mdogo wangu, unaandika nilichokuletea au unanifundisha biashara?" Nikaandika. Bango likatoka safi, mita mbili kwa moja, rangi zimekolea, akatoa nusu ya hela akaondoka. Kesho yake saa nne asubuhi huyo kwenye mlango, bango limekunjwa kwapani, na nyuma yake anakuja jirani yake, mwalimu mstaafu. Nikasema shikamoo mwalimu. "Marahaba mwanangu, hili bango umeandika wewe?"

Tukabishana saa nzima. Dada anasema bora ni "better", zaidi ni "more", sasa "bora zaidi" kosa lake liko wapi. Mwalimu anasema kosa ni kosa, haijawahi kuandikwa na mtu anayejua Kiingereza, dada angekuwa mwanafunzi wake angeandika mara hamsini. Katikati akaingia kijana aliyekuwa anasubiri fotokopi, akasema mbona hata Shakespeare aliandika "more better". Mwalimu akanyamaza kidogo. Na kijana alikuwa sahihi, aliandika kweli.

Basi nimeona niandike haya mambo yote pamoja, hatua kwa hatua, kwa mtu yeyote anayebishana kuhusu Kiingereza ofisini, darasani au kwenye grupu la familia, maana wengi tunapoteza ubishi tuliopaswa kushinda na tunashinda ule ambao tulikuwa hatujui kitu.

Hatua ya 1: Jua kwanza uko kwenye ubishi wa aina gani

Kabla hujafungua mdomo jiulize, hili jambo Waingereza na Wamarekani wenyewe wanakubaliana au nao wanagombana? Manake kuna aina mbili. Kuna makosa ambayo hakuna mwenye lugha anayeyatetea, mfano "he is tall than me". Hapo hamna mjadala, rekebisha uendelee. Alafu kuna mambo ambayo wenyewe wanavutana kwa zaidi ya miaka 200, kama "than me" na "than I", au "less" na "fewer". Hapo ukija na sauti ya hakimu utaumbuka, kwa sababu mwenzako akitafuta ushahidi wa upande wake ataupata.

Watu wengi wanachanganya hizo aina mbili. Mwalimu wa pale steshenari alikuwa anapigania jambo la kweli, ila kwa sababu ya uongo ("haijawahi kuandikwa na mtu anayejua Kiingereza"), kijana akampiga kwa mfano mmoja tu.

Hatua ya 2: Safisha makosa yanayotoka kwenye Kiswahili chetu

Hapa ndo pa kukaa sana, kwa sababu makosa yetu mengi si ya ujinga, ni Kiswahili kinapenyeza.

Angalia. "Juma ni mrefu kuliko Asha." Neno "mrefu" limebadilika? Halijaguswa. Kazi yote imebebwa na "kuliko". Au tunatumia kitenzi kabisa, "Juma kamzidi Asha urefu", "kamshinda". Kivumishi kwetu kimetulia zake tu. Kiingereza kinataka kivumishi chenyewe kivae nguo mpya, "tall" kiwe "taller", NDIPO "than" ije. Kwa hiyo mtu anayefikiri kwa Kiswahili anaandika "Juma is tall than Asha" na moyoni anaona kamaliza, maana "kuliko" si ameshaweka? Nimeiona hii kwenye barua za watu wenye digrii. Dawa yake ni ndogo, kila ukiandika "than" rudi nyuma utafute "-er", "more" au "less". Ukikosa, kuna kitu umesahau. (Wachache wanaoruhusiwa kukaa na "than" bila hivyo ni kama "rather", "other", na "different" ya Wamarekani.)

La pili ndo hilo la dada wa saluni. Kiswahili kinasema "bora zaidi", "rahisi zaidi", "nafuu zaidi", na ni sahihi kabisa. Tukihamia Kiingereza tunabeba "zaidi" kama mzigo wa mkononi, tunasahau kuwa "better" tayari ina "zaidi" ndani ya tumbo lake, na "cheaper" ile "-er" ya mwisho ndo "zaidi" yenyewe. Ukiongeza "more" umesema "bora zaidi zaidi".

La tatu, "kuliko wote". Tunasema "yeye ni mrefu kuliko wote darasani" alafu tunaandika "he is taller than all in the class". Sarufi yake si mbaya sana, lakini Mwingereza hasemi hivyo, anasema "he is the tallest in the class". Ukikutana na "kuliko wote" au "kupita wote", hamia moja kwa moja kwenye "the ...-est" au "the most ...". Na usiziweke zote mbili, "the most tallest" ni ugonjwa uleule wa "more better".

La nne, neno "mkubwa". Kwetu linabeba umri na umbo kwa pamoja. "Dada yangu ni mkubwa kuliko mimi" ni heshima tu, kakutangulia kuzaliwa. Ukiandika "my sister is bigger than me" umesema dada ni mnene. Andika "older than me". Na kuna "elder", ambayo inakaa kabla ya nomino tu, "my elder sister", haipendi kufuatwa na "than". "She is elder than me" iache.

La tano, "napenda chai kuliko kahawa". Ukitumia "prefer", usilete "than" hapo, ni "I prefer tea to coffee". Ukiitaka "than" yako basi badili kitenzi, "I like tea more than coffee". Ndugu wengine wa "prefer" ni "superior", "inferior", "senior" na "junior", hawa asili yao ni Kilatini na huko kwao tayari walikuwa maneno ya kulinganisha, ndo maana wanasema "superior to", "senior to", si "superior than". Kwenye barua za kikazi hii inaonekana haraka sana.

La sita na dogo, "sana". "Kubwa zaidi sana" inazaa "very bigger". "Very" haikai na neno lililokwisha kulinganishwa, weka "much bigger", "far bigger", "a lot bigger", au kama tofauti ni ndogo "a bit bigger", "slightly bigger".

Na tafadhali "than" na "then" ni maneno mawili. Masikioni mwetu yanafanana, kwenye karatasi hayafanani.

Hatua ya 3: "-er" au "more"? Hesabu silabi, lakini si kwa mdomo wa Kiswahili

Kanuni wanayofundisha shule ni rahisi, neno fupi linachukua "-er", neno refu linachukua "more". Tatizo ni pale tunapohesabu. Sisi kila silabi tunaifungia na irabu, kwa hiyo "cheap" mdomoni kwetu inakuwa chi-pu, silabi mbili, na "strong" inakuwa si-to-ro-ngi, silabi nne nzima! Mtu akihesabu hivyo ataandika "more strong" na ataapa kafuata kanuni. Usihesabu kwa mdomo wetu wala kwa herufi. Hesabu sauti za irabu jinsi Mwingereza anavyotamka. "Cheap" ina moja. "Strong" moja. "Large" moja, ile "e" ya mwisho haina sauti. "Happy" mbili. "Expensive" tatu.

Sasa, silabi moja, weka "-er": "cheaper", "stronger", "larger". Silabi tatu na kuendelea weka "more": "more expensive", "more beautiful". Hapo katikati kwenye silabi mbili ndo vita ilipo:

Yanayoishia na "y" karibu yote yanageuka "-ier": "easier", "busier", "happier". Hata "unhappy" yenye silabi tatu inakubali "unhappier", kwa hiyo mtu akikubana na kanuni ya silabi tatu una jibu.

Yanayoishia na "-le" na "-ow" mara nyingi nayo yanachukua "-er", "simpler", "narrower".

"Clever", "quiet", "polite", "common", "stupid" na wenzao yanakubali njia zote mbili. "Politer" ipo na "more polite" ipo. Mkibishana hapo mnapoteza muda wenu, wote mko sahihi, nendeni mkale.

"Modern", "famous", "careful", "useless", "boring", hayo ni "more" tu.

Kuna mafupi yanayogoma. "Tired", "bored", "worn", kwa kuwa yametoka kwenye vitenzi, yanataka "more": "more tired", "more bored". "Real", "right" na "wrong" nayo kwa kawaida ni "more". Na "fun" ina kesi yake yenyewe, wazee wa lugha wanasema ni nomino, haiwezi kuwa "funner", vijana wanaitumia kama kivumishi, na mwaka 2008 Apple walitangaza iPod yao kwa neno "funnest" bila aibu yoyote. Kwenye tangazo sawa. Kwenye barua ya kazi andika "more fun".

Tahajia sasa. Kwenye neno la silabi moja, irabu moja ikifuatwa na konsonanti moja mwishoni, ile konsonanti inajirudia: "big" "bigger", "hot" "hotter", "thin" "thinner". "Cheap" ina irabu mbili kwa hiyo hairudii, "cheaper" sio "cheapper". "Small" tayari ina mbili. "W" hairudiwi kamwe, "low" "lower".

Kuna kitu hapa ambacho hata wabishi wazuri hawakijui. Ukilinganisha sifa mbili ndani ya mtu mmoja, unatumia "more" hata kama neno ni fupi. "Alikuwa na huzuni zaidi kuliko hasira" ni "she was more sad than angry". Huwezi kusema "sadder than angry", haisimami. Kwa hiyo akija mtu akasema "more sad" ni kosa siku zote, mpe sentensi hiyo umwache nayo.

Alafu jihadhari na "more" yenye nyuso mbili. "We need more modern houses." Ni nini hicho? Kiswahili kinatenganisha bila shida, kuna "nyumba zaidi za kisasa" na kuna "nyumba za kisasa zaidi", nafasi ya neno imemaliza kila kitu. Kiingereza kimekwama hapo. Nilishachapa pendekezo la mradi lenye sentensi kama hiyo, mfadhili akauliza mnataka nyumba ngapi wakati wenyewe walimaanisha zilizopo ziboreshwe. Ukiona hivyo geuza, "houses that are more modern".

Hatua ya 4: Mtu akikutolea Shakespeare

Ubishi wa "more better" ukikolea lazima atatokea wa kumtaja Shakespeare, kwa hiyo jiandae. Usikatae, maana ni kweli. Kwenye maigizo yake kuna "more better", na kuna "the most unkindest cut of all", maneno ya Antony juu ya maiti ya Caesar kwenye igizo la Julius Caesar. Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611 nayo, Matendo 26:5, Paulo anasema "the most straitest sect". Enzi zile kurudia mara mbili ilikuwa njia ya kutia mkazo, kama sisi tunavyosema "kubwa kubwa kweli".

Kilichotokea ni kwamba karne ya 18 wakaja waandishi wa sarufi, mmoja wao kasisi aliyeitwa Robert Lowth, kitabu chake kilitoka 1762, wakasema hii ya kurudia ni upuuzi iondoke. Na iliondoka kwenye maandishi rasmi. Kwa hiyo jibu la kumpa kijana wa fotokopi ni hili: ndiyo, ilikuwa sahihi, leo kwenye maandishi si sahihi. Lugha ilihama nyumba. Hata wewe huvai suruali ya Shakespeare.

Lakini usitambe sana kwa sababu kuna moja iliyobaki ndani ya nyumba na hakuna aliyeitoa. "Lesser." Hiyo ni "less", ambayo tayari ni ya kulinganisha, ikaongezwa "-er" juu yake, yaani ni "more better" iliyovaa suti. Samuel Johnson kwenye kamusi yake ya 1755 aliiita uharibifu wa kishenzi. Leo? Wale ndege wa pinki wanaotaga kwa wingi Ziwa Natron jina lao rasmi la Kiingereza ni "lesser flamingo", lipo kwenye vitabu vyote vya ndege na hakuna anayelalamika. Na "near" yenyewe zamani ilikuwa ndo umbo la kulinganisha la "nigh" (neno la kale la "karibu"), kwa hiyo kila anayesema "nearer" anarudia mara mbili bila kujua.

Mi nikimwambia mtu toa hiyo "more", simwambii eti haina mantiki. Namwambia msomaji wako wa leo ataiona kama doa kwenye shati. Inatosha.

Kuna na "curiouser", ambayo kwa kawaida ingekuwa "more curious". Ile hadithi ya watoto ya Alice in Wonderland ya mwaka 1865 ndo iliyolipa umaarufu hilo neno, na mwandishi mwenyewe anaeleza palepale kuwa mtoto alishangaa mpaka akasahau kuongea Kiingereza kizuri. Kwa hiyo anayeitumia kama ushahidi kwamba ni sahihi hakusoma mstari uliofuata.

Hatua ya 5: "Than me" na "than I"

Huu ni ubishi wa aina ya pili, wenyewe hawajamaliza. Upande mmoja wanasema "than" ni kiunganishi, nyuma yake kuna sentensi imefichwa, "she is taller than I (am)", kwa hiyo "I". Lowth alikuwa upande huu. Upande mwingine wanasema "than" inafanya kazi kama kihusishi, sawa na "with me", "for me", kwa hiyo "me" ni halali. Shakespeare naye aliandika "no mightier than thyself or me". Wanaisimu wengi wa sasa wanaona "than me" haina tatizo lolote, na ukikaa na Waingereza ndo utakayoisikia mtaani.

Ushauri wangu, kwenye maongezi sema "than me", ukisema "taller than I" watakuona umemeza kamusi. Kwenye mtihani au kwa bosi mkali weka "than I am", na kile kitenzi "am" kinaua ubishi, maana hakuna upande unaoweza kukukosoa.

Kuna mahali pamoja tu ambapo hili si suala la ladha. "She loves you more than me" na "she loves you more than I". Ya kwanza kwa kawaida ni kwamba anakupenda wewe kuliko anavyonipenda mimi. Ya pili ni kwamba anakupenda kuliko mimi ninavyokupenda. Na Kiswahili hapa hakina cha kujivunia, "anakupenda kuliko mimi" nayo ina utata uleule, ndoa zimetikisika kwa meseji fupi kuliko hiyo. Malizia sentensi, "more than I do" au "more than she loves me".

Hatua ya 6: "Less" na "fewer", hapa Mswahili ana bahati

Wazungu wanahangaika sana na hii, wakati sisi tumezaliwa nayo. Unasema watu wachache, vitabu vichache, siku chache. Alafu unasema maji kidogo, sukari kidogo, hela kidogo. Hujawahi kusema "watu kidogo" ukimaanisha idadi. Basi palipo na "-chache" weka "fewer", palipo na "kidogo" weka "less". "Fewer customers, less money." Imeisha.

Isipokuwa kiasi kikichukuliwa kama fungu moja, hata kama kina namba. "Less than 10 kilometres", "less than 5,000 shillings", "less than two hours". Hapo huhesabu kilomita moja moja, unapima umbali. Mtu akikurekebisha uandike "fewer than 10 kilometres" kazidisha.

Na ukimkuta anayepiga meza kuwa "less" na vitu vya kuhesabika ni kosa tangu kuumbwa kwa dunia, mwambie habari ya Robert Baker, Mwingereza aliyeandika kitabu kuhusu matumizi ya Kiingereza. Mwaka 1770 aliandika kuwa YEYE anaona "fewer" ingefaa zaidi, inapendeza zaidi. Yaani ilianza kama maoni ya mtu mmoja, na kabla yake Waingereza walikuwa wakisema "less" kwa vyote kwa karne nyingi. Maoni yakafundishwa mpaka yakawa sheria, ikafika mahali kibao cha supamaketi cha "10 items or less" kinawanyima watu usingizi, na mwaka 2008 Tesco kule Uingereza wakabadili wakaandika "Up to 10 items". Mi nawapenda kwa hilo. Walikuta watu wanagombana mlangoni wao wakapita dirishani.

Hatua ya 7: Hesabu na mantiki, sehemu ndogo zinazouma

"Any" na "any other". Ukiandika "Lake Victoria is larger than any lake in Africa", mbishi atakwambia Victoria nayo ni ziwa la Afrika, sasa limejizidi lenyewe? Weka "any other lake". Ni neno moja tu.

Mara mbili. Ziwa Victoria lina kama kilomita za mraba 68,800 na Tanganyika kama 32,900. Ukiandika "Victoria is two times larger than Tanganyika" kuna watu wa hesabu watakaosema "larger" ni nyongeza, kwa hiyo mara mbili zaidi maana yake mara tatu. Wengi hawasomi hivyo, lakini kwenye ripoti yenye takwimu kwa nini ujiingize? "About twice as large as." Hakuna wa kukusumbua.

Vitu viwili. Mafundi wa zamani wanasema ukilinganisha viwili ni "the larger of the two", "largest" ni kuanzia vitatu. Kwenye maandishi rasmi fuata, kwenye maongezi hata Waingereza wanasema "may the best man win" wakati wanaopigana ni wawili.

"Unique" na "perfect". Wanasema kitu ama ni kamili ama si kamili, hakuna "more perfect". Sawa, lakini Katiba ya Marekani ya 1787 inafungua kwa "a more perfect Union" na nchi haijaanguka. "More perfect" kwa maana ya kukaribia ukamilifu haina shida. "More unique" ina maadui wengi zaidi, andika "more unusual" upumzike.

Hatua ya 8: Namna ya kutafuta ushahidi

Usianze na kuandika neno kwenye Google ukahesabu majibu. "More better" utaipata mamilioni ya mara, kwenye majina ya biashara, utani, na mabango kama la dada yetu.

Anza na kamusi ya wanafunzi, zile zinazoonyesha umbo la kulinganisha pembeni ya neno. Kamusi ya Oxford ya wanafunzi ipo bure mtandaoni, ukitafuta "common" itakuonyesha "commoner" ipo, na kuwa "more common" ndo inayotumika zaidi. Hiyo tu inamaliza nusu ya ubishi wote niliowahi kuusikia.

Kama haikutosha nenda Google Ngram Viewer, andika maneno mawili yametenganishwa kwa mkato, mfano "cleverer than" na "more clever than", utaona mstari wa kila moja miaka na miaka kwenye vitabu. Hiyo "than" usiisahau, ukiandika "more clever" peke yake itakuhesabia na "more clever people", ambapo "more" ni ya watu na si ya akili. Anayetaka kuchimba zaidi kuna hazina ya COCA, mkusanyiko wa maandishi na maongezi ya Kiingereza cha Wamarekani, zaidi ya maneno bilioni moja, unajisajili tu. Hapo unaona neno likiwa ndani ya sentensi, sio namba kavu.

Na ukikuta pande zote mbili zina ushahidi, acha kubishana, badili sentensi. Ndo kazi yangu ya kila siku hii. Mteja anataka "more polite", mke wake anataka "politer", mi naandika "with better manners", wote wanalipa.

Bango la saluni tuliliandika upya, BETTER SERVICE, LOWER PRICES. Lile "price" la mwanzo nalo lilikuwa na kasoro yake, maana kinachokuwa "cheap" ni bidhaa, bei inakuwa "low", hilo mwalimu alilikamata yeye na nikamvulia kofia. Gharama tukagawana nusu kwa nusu, dada kanuna siku mbili akarudi kuchapa vipeperushi. Lile la zamani alilichukua muuza mkaa wa pale kona, anafunikia magunia mvua ikinyesha, maandishi yameangalia barabarani, MORE CHEAPER, na jana nimemkuta mtu amesimama mbele yake anauliza hiyo bei rahisi zaidi ni shilingi ngapi.